Damu Yangu Imenisingizia Kaswende

Mama Ndululu,

Nakuamkia na naomba unishike mkono, maana Jumapili hii natakiwa kusimama mbele ya kanisa hapa Mukuyuni nitubu uzinzi ambao sijaufanya, na vile nimechoka nimeanza kufikiria nitubu tu yaishe. Mimi ni mke wa Kiema, fundi wa cherehani hapa sokoni, na shida ilianza nilipopata mimba nyingine baada ya mbili kutoka, nikaenda kliniki wakanitoa damu, muuguzi akasoma majibu akanitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Mama, una kaswende, mlete mzee," na mzee alipopimwa akaonekana msafi kama sahani ya harusi. Kiema akaniuliza, "Ni nani?" nikamwambia hakuna mtu, akasema, "Kwa hivyo ulitembelewa na malaika?" akahamia kwa mama yake, na mama akaifikisha habari sokoni haraka kuliko redio.

Nilidungwa sindano makalio yakawa kama chujio, mimba ikatoka hata hivyo, halafu mguu mmoja ukafura kama gunia la mbaazi, ndipo dada yangu Mumbua akanipeleka hospitali Nairobi. Daktari wa huko aliona mabaka mashavuni, akaniuliza kama viungo vinauma, akapima damu upya, akaniambia nina lupasi, yaani askari wa mwili wangu wamechanganyikiwa wananishambulia mimi mwenyewe, na kuna wengine wao wanaogandisha damu, ndio walionifurisha mguu, na huenda ndio walioniulia mimba, na hao hao ndio wanaodanganya kile kipimo cha kaswende. Alitumia kipimo kingine, kaswende hakuna! Nikarudi mbio kumwambia Kiema, akanijibu, "Hiyo hadithi umeitunga ndani ya basi." Sasa mzee wa kanisa Mwangangi anasema nikitubu nitarudishwa kwaya na mume atarudi, ila niache vidonge vya kuzuia damu kuganda nilivyopewa Nairobi ili nionyeshe imani. Nifanye nini? Bado nampenda Kiema, mjinga huyo.

Kalondu, Mukuyuni

*

Kalondu,

Pole sana kwa mimba ulizopoteza. Hapo sina mzaha. Sasa kaa nikugombeze.

Utatubu uzinzi na nani? Wakikuuliza jina utamtaja muuza makaa? Na ukishakiri, Kiema atarudi, ndiyo, halafu kila siku ugali ukiungua atakukumbusha ulivyosema mbele ya kanisa zima. Hiyo si amani, dada.

Nimemuuliza daktari ninayemwamini. Kipimo cha kwanza cha kaswende hakitafuti vidudu vyenyewe. Kinatafuta kingamwili fulani, hao askari wa damu, na baadhi ya wagonjwa wa lupasi wanazo bila kuguswa na kaswende. Ndiyo maana kuna kipimo cha pili, na muuguzi wako alipaswa kukingoja kabla ya kukukagua kama ng'ombe wa mnada. Kingamwili hizo zinaonya kwamba damu inaweza kuganda. Hazijui lolote kuhusu kitanda chako.

Vidonge usiache. Donge la damu likitoka mguuni likaingia mapafuni, Mwangangi atakuimbia kaburini kwa sauti tamu sana, na hutaisikia. Nenda upimwe damu kila unapoitwa. Pumzi ikikatika ghafla, au ukitokwa na damu isiyokoma, kimbia hospitali, usipitie kwa mtu kuombewa kwanza. Na usishike mimba kabla ya kumwona daktari, kwa sababu vidonge vingine vinaumiza mtoto na itabidi ubadilishiwe dawa. Ukisimamiwa vizuri, bado unaweza kuzaa.

Kiema umpeleke Nairobi aulize maswali yake mwenyewe. Akikataa, mwambie mtu anayeogopa kumsikiliza daktari hajatafuta ukweli, ametafuta likizo kwa mama yake.

Na Jumapili nenda kanisani. Vaa gauni zuri, kaa benchi ya mbele, nyoosha huo mguu. Wakiwaita wazinzi wasimame, wewe tulia hapo hapo usikilize ni nani wanaanza kukohoa.

Mama Ndululu