Nzi wa Kwenye Sahani

Shoga, nimeumbuka! Ndiyo natoka kliniki ya sukari.

Si unaijua ile app ya kupiga picha chakula ili daktari aone ninachokula? Nilipiga picha sahani moja ya mboga, nikawa naituma hiyohiyo kila mchana. Wiki tatu! Huku nashindilia keki.

Leo daktari kanigeuzia simu: "Mama, huyu nzi unamfuga?"

Nzi! Pembeni mwa sahani! Picha ishirini na moja, nzi yuleyule, kainua mguu uleule!

Nikajichekesha. Yeye wala. Sukari imesoma kumi na tisa, iko juu mno.

"Humu kwenye picha," akasema, "anayefuata masharti yangu ni nzi peke yake."

Kesho naanza kuchomwa sindano. Mimi, siyo nzi.