Baba Mkwe Alinitazama, Nikainua Mikono

Mpendwa Bi Arlys,

Shikamoo, naomba unisikilize wewe, maana nikimwambia mtu mwingine hapa mjini, kabla ya jioni hata wauza mbegu watakuwa wanajua. Mimi ni mwamuzi wa mpira wa Kimarekani, mechi za shule za sekondari, kila Ijumaa tunajaa waamuzi watano kwenye gari la Orrin, mkuu wetu, fulana za milia zimepigwa pasi, na sitakuficha, ni maisha ninayoyapenda, kwa sababu mimi nasimama mstari wa pembeni upande mmoja, na ng'ambo ya uwanja, uso kwa uso nami, anasimama baba mkwe wangu, Mzee Delbert, aliyenifundisha kazi hii tangu nikimchumbia binti yake, na baada ya mechi tunakula chili, ule mchuzi mzito wa nyama na maharage, na mikate ya mdalasini mpaka mke wangu Twyla anatufukuza mezani.

Sasa shida ni hii, mpira ukianzia karibu na mstari wa goli, sisi wawili wa pembeni haturuhusiwi kuufuata, tunakimbilia mstarini mara moja na kumsubiri mbebaji wa mpira pale pale, ili aliye karibu aone kama umevuka, lakini magoti ya Mzee yamechoka, siku hizi anafika mbebaji ameshalala chini, na Ijumaa iliyopita kijana mmoja mwenye mpira alijitupa upande wake ndani ya rundo la watu, Mzee akachelewa, akanitazama, nami sikuona kitu ila migongo na makalio, ila nilimwonea huruma amesimama pale huku jukwaani wanapiga kelele, "Babu, si ukalale!", basi nikainua mikono miwili juu, yaani mpira umevuka, wamepata alama, naye akainua, na Orrin akaikubali. Hakuna aliyelalamika, timu ile ilikuwa inashinda kwa mbali, na kwenye gari Mzee akanipiga bega, "Mkwe wangu, una macho wewe! Mimi lile jitu lao lilinizibia kabisa, bila wewe ningeaibika." Nilicheka, lakini siku hiyo sahani yangu ya chili nilimsogezea yeye.

Tatizo ni kwamba tumechaguliwa kuchezesha mechi za mtoano, anayefungwa msimu wake umeisha, na Mzee ameingojea nafasi hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, ameshanunua na viatu vipya, je, nimwambie Orrin amwondoe, au ninyamaze niendelee kumsaidia, maana Twyla, nilipogusia tu magoti ya Mzee, ameshaniambia, "Mguse baba yangu uone, chili utajipikia, na kitandani utalala na kipenga chako." Nifanye nini mimi?

Lyle, Nebraska

Marahaba, Lyle.

Una mke mkali, kazi unayoipenda na baba mkwe anayekusifu mbele ya watu. Wengi wanaoniandikia wangebadilishana nawe leo hii, kwa hiyo tulia tuongee.

Barua yako yote inalilia magoti ya mzee. Nimeisoma nikitafuta kosa la magoti, nimekuta la mikono, na mikono ni yako. Mzee alichelewa, kweli. Lakini baada ya kuchelewa hakubuni kitu. Alimtazama mwenzake wa ng'ambo, yaani alikuuliza, "Umeona?" Wewe ukajibu ndiyo, naye akakuamini. Kwenye gari hakuwa anakushukuru kwa kumsitiri, mwanangu, alikuwa anakushukuru kwa kuona! Umemdanganya mzee, naye akaudanganya uwanja mzima akidhani anasema kweli. Halafu unataka yeye ndiye aondolewe? Huna haya wewe!

Najua ulifanya kwa upendo. Marehemu mume wangu alivaa milia hiyo hiyo, nami nilikaa jukwaani nikisikia anavyotukanwa, na nilitamani kumrushia mtu kahawa ya moto. Inauma. Lakini kwenye mtoano kuna vijana wa mwaka wa mwisho, na wakifungwa hawataivaa tena kofia ile ya kuchezea maisha yao yote. Usiwarudishe nyumbani kwa kitu ambacho hukukiona.

Sasa fanya hivi. Kwa Orrin usiende kwanza, kumzunguka mzee ni kumdharau. Nenda kwake kesho, peke yako, umwambie, "Baba, ile ya Ijumaa sikuiona." Atafoka, mwache afoke. Kisha mwende wote wawili kwa Orrin, na kwenye kikao chenu cha kabla ya mechi mkubaliane kwamba mpira ukikaribia goli, Mzee asimame karibu zaidi na mstari wa goli tangu mwanzo. Magoti yakikataa hata hivyo, atasema mwenyewe, na Orrin anahitaji mtu makini wa kuendesha saa ya mchezo kule juu jukwaani. Twyla mwachie baba yake, atamweleza vizuri kuliko wewe.

Akiamua kubaki pembeni, heshimu. Na rundo likiangukia tena upande wake, akakutazama, nawe hujaona, tikisa kichwa. Wacha jukwaa lizomee, mpira uwekwe pale ulipoonekana mara ya mwisho. Mzee Delbert hahitaji mkwe wa kumwinulia mikono. Anahitaji mtu wa ng'ambo anayeweza kumwambia, mbele ya mji mzima, "Baba, sijaona."