Kisima cha Maharusi, Tanuf

Nizwa, Ijumaa usiku

Na jua lile! Asubuhi nzima Mama amenizungusha kwenye magofu ya Tanuf, tunatafuta kisima ambacho zamani maharusi wakioshwa miguu kwa maji yake wapate baraka. Alihadithiwa na bibi yake, Unguja.

"Kipo chini ya mnazi," akashikilia.

"Mama, Tanuf hakuna minazi. Na bibi hakuwahi kuvuka bahari kufika huku."

Nikajuta. Wiki ijayo naolewa, na hofu imenifanya mkali.

Kisha akaniketisha juu ya jiwe, akanivua viatu, akanimiminia miguuni maji ya chupa tuliyonunua njiani, huku akisoma Fatiha.

"Haya si ya kisima," nikasema.

"Najua. Mimi bibi aliniosha kwa maji ya mfereji, ya bomba tu, na nipo na baba yako mpaka leo."

Nimerudi garini na viatu mkononi.