Mama, Uliugua kwa Niaba Yangu

Mama,

Wavukire, umeamkaje. Mimi ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kabla hata ya kuketi: "Joto yake ngapi?" Leo asubuhi ilikuwa thelathini na sita na nusu. Masika ameisoma mara mbili, halafu akanilazimisha niisome mwenyewe. Tangu uondoke, dada yangu amekuwa mkali kuliko wewe, jambo nililodhani haliwezekani. Nywele zimerudi, laini kama za mtoto mchanga. Bugali imeanza tena kuwa na ladha ya bugali. Ile ladha ya kunyonya msumari imenitoka mdomoni. Natembea mpaka barabara kubwa ya Kimemi na kurudi bila kupumzika kwenye jiwe la Mama Kyakimwa, jirani yetu. Nadhani anasikitika. Alizoea kunihoji pale.

Habari yako inazunguka mjini, Mama, na kila anayeisimulia anaitia chumvi yake. Wacha niiandike mimi, jinsi nilivyoiona kupitia ufa wa mlango.

Mimi na Masika tulirudi kutoka India mapema kuliko waganga walivyotaka. Walitaka tukae kwao siku mia nzima, lakini mjomba alikuwa ameshauza lori lake la safari za Kasindi kulipia matibabu na hakuwa na lori lingine la kuuza. Basi nikarudi Butembo na uboho wa Masika ndani ya mifupa yangu, damu ikianza upya kama ya mtoto wa juzi, na karatasi ya masharti. Asiingie mtu chumbani. Asishikwe mkono. Maji yachemshwe, chakula kisilale, kuku wasipite mlangoni. Mafua ya kawaida yangeweza kunimaliza.

Karatasi ilikuwa nzuri, ila haikuijua Butembo. Kwetu mgonjwa anatembelewa. Asiyekuja ana neno lake, na anayekuja akazuiwa mlangoni ameitwa mulozi, mchawi, bila neno lenyewe kutamkwa. Wiki ya kwanza ulimrudisha Mama Kyakimwa na sufuria yake ya samaki wa Kyavinyonge. Akasimama katikati ya lupango, uani kwetu, akapaza sauti:

"Donc miye njo mulozi? Sema tu, Mama Masika! Batu basikie!"

Kufikia jioni nyumba tatu zilikuwa zimeacha kutusalimia. Na wakati ule, Mama, tulijua wote maana yake. Ni jirani aliyekuwa anagonga dirisha kukwambia askari wanapanda kilima. Nyumba isiyosalimiwa ilikuwa nyumba isiyogongewa.

Kesho yake ukamwita Masika, mkaburuta godoro mpaka salon, chumba cha wageni. Ukavaa sweta yangu, ukafunga kichwa, ukajilaza, ukavuta blanketi mpaka kidevuni. Kisha ukaagiza mlango wa mbele ufunguliwe.

"Huu ugonjwa tunaugawa na mutoto," uliwaambia majirani walioingia. "Nusu iko kule ndani, haiguswi. Nusu ingine njo miye. Musalimie."

Walitazamana. Mama Kyakimwa ndiye aliyeketi wa kwanza. Akakushika mkono, akauliza kama anavyoulizwa mgonjwa yeyote:

"Inaumia wapi?"

"Mu mifupa."

"Yote?"

"Yote. Mais samaki naweza kula."

Basi ukala. Tangu siku ile ulikuwa mgonjwa mwenye kazi nyingi kuliko mganga. Wanawake wa kanisa walikuombea asubuhi, mikono yao yote juu ya kichwa chako. Mchana wakaja Waislamu, wale wasafirishaji wenzake mjomba, wakakusomea dua, nawe ukaitika Amina kwa sauti ile ile. Walileta mayai, maharage, kuku. Mgonjwa wetu alinenepa. Wageni walifurahi sana, wakaenda kutangaza sokoni kwamba ninapata nafuu.

Na kweli nilikuwa ninapata. Kila jioni ulinawa mpaka kwenye viwiko, ukabadilisha nguo, ukasimama nje ya mlango wangu na kunipa ripoti: nani kaja, nani kalia, nani kaangalia saa. Mimi nilikupa ya kwangu, na ilikuwa fupi. Vidonda vya mdomo vimepungua viwili. Vidonge vinanuka beberu, nimevimeza. Ngozi ya viganja inabambuka. Kutoka kitandani hadi kwenye kiti, hatua nne, nimepumzika, hatua nne kurudi. Siku niliyofika dirishani peke yangu, Masika alikuja kukunong'oneza, na wageni wakaona mgonjwa mahututi akiruka juu ya godoro na kupiga vigelegele.

Hata wale wenye bunduki walioushika mji mwezi ule walikutembelea. Walikuja kutafuta magodoro. Kiongozi wao akakuta godoro zuri kuliko yote likiwa na wewe juu yake. Ukamnyooshea mkono. "Kuya, mutoto wangu, salimia mugonjwa." Akavua kofia, Mama. Akapiga goti na bunduki yake begani, akakushika mkono, akakuomba umbariki. Waliondoka na redio tu.

Ila kila aliyeushika mkono wako aliacha kidogo cha alichokuwa nacho. Wiki ya kumi nilisikia kikohozi salon, na hakikuwa cha kuigiza. Jioni ile hukuja mlangoni. Ulibaki uani, ukapaza sauti ili nisikie:

"Hii kikohozi haitalala mu nyumba moja na ule mutoto."

Asubuhi ulipanda lori la maharage kwenda Beni, kwa dada yako. Nilisimama dirishani na kitambaa puani. Nilitaka kutoka nikushike walau mara moja. Ulijua. Toka juu ya magunia ulinifokea, kikohozi kikikukata maneno:

"Rudi mu kitanda! Usiniharibie kazi!"

Nikarudi kitandani.

Siku tisa. Barabara ikafungwa kwa mapigano, na dada yako akakuzika Beni bila sisi. Masika aliniambia akiwa amesimama nje ya mlango, mahali pako. Lupango likajaa waombolezaji. Nilisikia sauti zao zote na nilimtambua kila mmoja. Mlango wangu haukuwa na ufunguo, Mama. Nilikuwa na mkono kwenye kitasa. Sikutoka. Kuna aliyesema, "Mwana gani huyu, asiyetoka kulia mama yake?" Mama Kyakimwa akamjibu mbele ya wote: "Mwana mwenye kusikia mama yake. Wewe je, wa kwako banakusikia?"

Watu wanasema ulikufa kifo changu. Sikubali. Changu kipo bado, kinanisubiri mahali, na kina subira. Wewe ulikufa chako, ukiwa kazini, na sijaona afisa yeyote katika vita hivi aliyeshika mahali pake kama ulivyoshika salon ile.

Sasa sikia ya juzi. Damu mpya haikumbuki chanjo hata moja, kwa hiyo Jumanne nilienda kupanga foleni pamoja na akina mama wenye watoto mgongoni. Infirmier, muuguzi wa chanjo, akauliza, "Mutoto iko wapi?" Nikasema, "Njo miye." Benchi zima likacheka, mtoto mmoja alinitazama kama mtu aliyepitwa kwenye foleni. Infirmier akachukua fishi, kadi ya chanjo ya watoto, hana nyingine. Jina: Kambale. Umri: tukabishana kidogo, tukakubaliana miezi kumi na minne, tangu siku nilipopewa uboho. Jina la mama.

Nikalitaja lako lote, taratibu, ili asikosee.

Walilijua. Mwanamke mmoja akainuka akanipa nafasi yake mbele. Nilimshukuru, nikakataa. Nilitaka kungoja zamu yangu kama watoto wa watu wengine, na jina lako mkononi.

Mama, barabara imefunguka. Jumamosi mimi na Masika tunakuja Beni. Udongo nao ulikuwa kwenye karatasi ya masharti, mwaka mzima nisiuguse, mwaka umeisha. Siku ya kuzikwa kwako sikukutupia hata konzi moja ya udongo. Nitapiga magoti pale, nitaushika kwa mikono miwili, bila glavu, mpaka uingie kwenye kucha. Masika atapiga kelele. Mwache apige.

Wasingya, Mama, asante. Pumzika vizuri.

Mwanao,
Kambale