Grafu Iliyokuwa Ikisubiri Mtu

Dada yangu Tumaini,

Kabla hujafika mstari wa pili, ingia chumbani ufunge mlango. Nakusihi kwa maziwa tuliyonyonya pamoja, kila neno humu libaki kwako. Usimsomee mama. Usimdokeze shemeji. Wala usiwaambie wa kanisani, hata kwa nia ya kuniombea, maana unajua kwetu ombi likitoka kwenye jumuiya asubuhi, jioni liko sokoni. Ukimaliza kusoma, barua iingie motoni jikoni.

Kamwene, dada. Hamjambo hapo Makambako? Goti la mama linasemaje na baridi hii? Watoto wanasoma? Viazi vya shamba la bondeni vimetoka salama, au ule ugonjwa wa majani umerudi? Mimi mwili ni mzima. Nakula ugali wa muhogo wa huku, nimeshauzoea, na samaki hawanipigi chenga. Ila nina hasira, dada. Nina hasira na nina woga, na sijui ni kipi kati ya hivyo kinachoupindisha mwandiko wangu.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu niliyokuwa nikikupigia ilikuwa ya ofisi, na imechukuliwa. Nitakueleza yote kwa utaratibu ili hata wakikusimulia vingine, uwe unajua.

Kazi yangu hapa Musoma unaijua kwa juujuu: karani wa takwimu kwenye mradi wa maji. Mchukua sampuli wetu, Bwana Masatu, huzunguka visima vya Bunda na Butiama na chupa zake. Maabara hupima, mimi nayaingiza majibu kwenye kompyuta. Ndani ya kompyuta kuna skripti, yaani maagizo yaliyoandikwa mstari kwa mstari, aliyotuachia mtaalamu mmoja kabla mkataba wake haujaisha. Ukiiendesha, inachora grafu kwenye dirisha lake. Kila kisima ni nukta. Ukibofya nukta, jina la kisima linajitokeza pamoja na vipimo vyake vya nyuma. Nukta ikikaa mahali ambapo haijawahi kukaa, unaiweka kando, kipimo kirudiwe. Hapo skripti imesimama kimya, inakusubiri. Ukishalifunga dirisha la grafu ndipo inaendelea na mistari iliyobaki, na mistari hiyo hutuma meseji kwenye simu za kamati za visima: maji ya kisima chenu ni salama kwa kunywa, au msiyanywe.

Ni kama mizani yako ya viazi. Mshale unacheza, mteja ana haraka, lakini wewe hunyanyui gunia mpaka mshale utulie, nawe uutazame kwa jicho lako. Yule mtaalamu aliniambia siku anaondoka, "Huruma, hapa inasimama makusudi. Usije ukapagusa." Nikaandika maneno hayo kwenye kichwa changu.

Sasa sikia.

Tulikuwa na wageni Butiama, wale wafadhili wa mradi. Mratibu wetu, mkuu wa ofisi yetu, alitaka aendeshe skripti mwenyewe mbele ya projekta. Sikupingana naye, ni ofisi yake. Grafu ikatokea, wageni wakasema aa. Akaelezea, akajisikia. Kisha akarudi kwenye lile dirisha jeusi la maagizo ili aonyeshe meseji zinavyotumwa. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu, kama anagonga mlango wa mdaiwa. Kimya. Grafu alikuwa ameiacha wazi nyuma, na skripti ilikuwa inamsubiri aifunge. Nilijaribu kumwonyesha kwa mkono, akanikunjia uso.

Mshereheshaji alipoona ukimya unazidi akaokoa jahazi. "Ndugu zangu, mitambo nayo inavuta pumzi! Tuipe makofi ya kilo moja! Ya kilo mbili! Mama pale nyuma, kilo yako haijatimia!" Watu wakapiga makofi, wakacheka, na Mratibu akasimama pale jasho likimtiririka mpaka kwenye kola.

Kwenye gari wakati wa kurudi alianza kabla hatujafika lami.

"Huruma, umenivua nguo mbele za watu."

"Samahani, Mratibu. Haikukwama. Ilikuwa inasubiri uifunge grafu ndipo iendelee."

"Inasubiri? Mgeni rasmi amekaa, mimi nimesimama, halafu kompyuta ndiyo tunaisubiri? Kwetu mgeni hasubirishwi."

"Inasubiri mtu aangalie, Mratibu."

"Na mimi ni nini? Mbuzi?"

Dereva alikohoa, nikajua anacheka. Mimi sikucheka. Mratibu akaamuru kiondolewe kile kinachosubiri, maana wageni walikuwa wanahamia Bunda na huko alitaka abonyeze mara moja, grafu ichanue, meseji ziende.

Nilikaa na ile skripti, dada, nikaipindua kila upande. Meseji nilizielekeza kwenye simu yangu ili majaribio yasimfikie mtu. Kwanza niliondoa kusubiri kukabaki kuchora tu. Grafu ikatokea na kupotea kama kope inavyopepesa, kwa sababu skripti ikifika mwisho inazimika pamoja na dirisha lake. Nikaweka amri ya kuifanya grafu iwe hai huku skripti ikiendelea. Dirisha likabaki, lakini jeupe tupu, halina nukta, nikibofya halijibu. Nilidhani nimeharibu kompyuta ya watu, nikaanza kusali. Kumbe skripti ilikuwa inakimbilia meseji bila kuliachia dirisha nafasi ya kujichora. Nikaongeza kituo kifupi baada ya kuchora, na kule kusubiri nikakuhamishia mwisho kabisa, meseji zikishaondoka. Hapo nukta zikatokea, nikabofya, zikajibu.

Ilifanya kazi, na ndiyo iliyonitisha. Meseji sasa zilikuwa zinakwenda kabla jicho la mtu halijafika kwenye grafu.

Nilimwendea. Nilimwomba tugawanye mara mbili: amri moja ichore, watu watazame, kisha amri ya pili itume. Nilimwambia hata mgeni hatagundua. Akasema, "Nimekuajiri uandike nilichosema, siyo ulichofikiri." Nikaandika alichosema, na meseji nikazirudisha kwenye simu za kamati.

Bunda ilikwenda kama alivyotaka. Alibonyeza mara moja. Grafu ikachanua ukutani, makofi yakalia yenyewe bila kuombwa. Na mimi niliyekaa pembeni na kipanya cha kompyuta ili kubofya nukta kwa ajili ya wageni, nikaiona. Kuna kisima kimoja, jina la kijiji silitaji hata kwako, ambacho nukta yake siku zote hukaa juu peke yake kwa sababu ya floraidi, yale madini yanayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia na baadaye kukaza mifupa. Siku hiyo ilikuwa chini, katikati ya visima vizuri. Niliibofya mara mbili nikidhani nimekosea. Jina lilikuwa lile lile.

"Mratibu," nikasema.

Akanionyesha kiganja nikae. Meseji ilikuwa imeshaondoka.

Walipoondoka wageni nilimweleza. Akasema maji hubadilika, nisimletee mkosi. Maji ya kisima kirefu hayabadiliki hivyo, dada! Nilipanda pikipiki nikaenda mwenyewe.

Mlinzi wa pampu kule ni dada mmoja anaitwa Bhoke, mcheshi, ana mtoto mgongoni na mwingine anayemshika sketi. Nikamuuliza kama Bwana Masatu alichukua maji kisimani.

"Kisimani wapi? Pampu ilikuwa imekufa," akasema. "Yule baba wenu wa chupa alifika amechoka, akasema naomba maji. Sasa mgeni akiomba maji, wewe unampaga ya kufulia? Nikaingia kanisani, nikamtolea ya mvua, yale ya kwenye tangi. Nikasuuza na kichupa chake, kilikuwa na vumbi, nikakijaza. Kwani hakusema asante?"

"Alikuwa anataka maji ya kisima, Bhoke. Ya kupima."

"Si angesema? Alikaa kivulini anaongea na simu, akaweka chupa kwenye boksi akaenda. Na nyie wasomi, mtu anakuja kupima ubaya, ananyamaza!"

Nilitaka kucheka na kulia. Mmoja hamsubirishi mgeni, mwingine hampi mgeni maji mabaya. Bhoke simlaumu. Alitoa kizuri alichokuwa nacho. Masatu aliona uvivu kungoja pampu. Lakini hilo kosa lingekamatwa pale pale kwenye grafu kama tungetazama. Ndiyo kazi ya grafu. Ndiyo sababu mtu aliiandika isubiri!

Pampu ilikuwa imeshatengenezwa. Zamani maji ya kisima walikuwa wanayafulia na kunyweshea ng'ombe, ya kunywa wakipanga foleni kwenye tangi la kanisa. Baada ya meseji yetu foleni iliisha. Nilimwona yule mtoto wa Bhoke anainamisha mdomo kwenye bomba anakunywa, meno yake bado meupe.

Nikamwambia Bhoke awaeleze watu. Akanitazama.

"Niwaambie nini? Simu imesema salama, imeandika na jina la mradi. Wataniuliza, Bhoke na simu, nani alisoma? Nyie ndio mlisema. Nyie ndio mseme tena."

Alikuwa na haki. Nilirudi Musoma nikamwomba Mratibu tutume marekebisho. Akasema tusubiri wageni wapande ndege. Dada, mtu huyu huyu! Aliyeshindwa kusubiri grafu, sasa anataka watoto wa watu waendelee kunywa ili yeye asubiri wageni. Nilikwenda mezani kwangu mchana kweupe, nikarudisha kusubiri mahali pake. Nikaendesha. Grafu ikatokea, ikasimama. Nikaibofya ile nukta, nikaiweka kando. Maana hata skripti inajua: kisima kisicho na kipimo cha kuaminika huandikiwa msiyanywe. Nikatazama zilizobaki moja moja. Nikalifunga dirisha. Meseji zikaenda.

Mgeni mmoja alikuwa ameomba awe anapokea nakala za meseji. Akampigia Mratibu kuuliza kwa nini kisima kile kimegeuka. Kabla ya saa ya chai nilikuwa nimenyang'anywa simu, kompyuta na funguo. Alinifokea mpaka mhudumu akaweka birika chini. Jumatatu wanakuja wakubwa kutoka makao makuu, na anataka nisimame niseme niliichezea skripti kwa utundu wangu, bila ruhusa, tangu mwanzo. Nikisema hivyo ataniombea nihamishwe tu. Nisiposema, atasema nimehujumu mradi. Alitaja polisi.

Ninaogopa, sikufichi. Nikisikia pikipiki inasimama nje, naacha kuandika. Lakini sitasema alivyonituma. Nikisema nimeichezea, ile meseji ya pili nayo itaitwa mchezo, na watu watarudi kunywa. Nitasema kama nilivyokuandikia wewe, na hapo ndipo sijui kitakachofuata.

Mama mwambie nina kazi nyingi. Msalimie shemeji Onesmo, na Mjomba Lazaro aliyenilipia mtihani wa mwisho. Msalimie shangazi Faraja, mwambie kikoi chake ndicho ninachojifunika. Wabusu watoto wote, na huyo mdogo asipewe soda kila siku.

Ukitaka kunipata, usipige namba yangu ya zamani. Anayo Mratibu na atapokea. Piga kwa Mama Nyabise, mwenye nyumba wangu hapa Kitaji, kwa ile namba niliyokusalimia nayo wakati wa Pasaka. Piga mchana, akiwa amesharudi nyumbani kutoka Makoko kuanika dagaa. Usitaje jina langu. Sema unaulizia dagaa wa kupeleka Njombe. Akijibu kwamba wameisha, ujue sipo, na umtafute Mjomba Lazaro siku hiyo hiyo. Akijibu, "Wapo, ngoja nikuangalizie," ataiacha simu juu ya ndoo na kuvuka ua kuja chumbani kwangu. Utasikia kuku, utasikia redio ya jirani, halafu hutasikia kitu kwa muda mrefu. Usidhani imekwama. Usikate, dada. Subiri mpaka mtu aje.

Mdogo wako,
Huruma