Mshenga Wangu Ndiye Bwana Kimondo

Mpendwa mshauri wetu Bi Mwanne, nakusalimu kutoka huku Mpanda na naomba msaada wako, maana nimekwama na kila ninayemwuliza ananicheka kwanza ndipo anipe pole. Mimi ni Makarius, kwetu ni Mamba, na hapa nafanya kazi mgodini kwenye mashine ya kutoboa mwamba, na mchumba wangu ni Paskalia binti wa Mzee Gaspar wa Ilembo, msichana ambaye nikianza kumsifu nitamaliza karatasi kabla sijaifikia shida yenyewe.

Mshenga wangu ni rafiki yangu Leodgar, dresa wa zahanati ya mgodini, na wewe unajua kwetu kijana hafungui mdomo mbele ya wakwe, mshenga ndiye anayesema na kuulizwa na kujibu, mwenyewe nakaa natazama chini utadhani nimekuja kwa bahati mbaya, kwa hiyo nilimchagua Leodgar kwa sababu ya ulimi wake, mtu anayekuchoma sindano huku anakuuliza habari za mama yako na ukija kushtuka ameshafuta na pamba. Alipeleka jembe letu la posa Ilembo wakalipokea, wakampa pombe akanywa, na kwa desturi mambo yakifika hapo mshenga habadilishwi, kwani ukimbadilisha ni kusema kwamba yote aliyoyasema yamefutika.

Hapo ndipo ulipoingia mchezo. Bwana mmoja Mzungu alirudi kutoka likizo akasimulia kwamba huko kwao kuna sanduku linaitwa televisheni, watu wanakaa nyumbani wanatazama picha zinazotembea, na humo aliona hadithi ya watu waliotoka kwenye nyota, inaonyeshwa kipande kila wiki, na vijana wa klabu ya hapa mgodini, kwa kuwa siku hizi kila mtu anazungumza juu ya ule mwezi wa Warusi unaozunguka angani, wakasema nasi tutengeneze yetu, kipande kila Jumamosi mchana ukumbini. Wakatunga habari za Bwana Kimondo, anayeshuka kutoka nyota ya Zuhura kuchukua watu wakamfanyie kazi huko juu wasirudi tena, na Leodgar akapewa kuwa huyo Bwana Kimondo.

Bi Mwanne, sijui nikuelezeje. Tulitegemea jitu la kunguruma lenye pembe, akatoka mtu mpole, amevaa kanzu iliyobandikwa karatasi za kung'aa za pakiti za sigara, akavua viatu mlangoni kabla ya kuingia nyumba ya watu, akachuchumaa na kupiga makofi kusalimia wazee vile anavyosalimia Mpimbwe, mtu wa kabila letu, aliyelelewa vizuri, akamkuta bibi anamenya karanga naye akakaa akamenya pamoja naye, anamwuliza kile kikohozi kinaendeleaje, na karanga zilipokwisha bibi alikuwa ameshamkabidhi wajukuu wote na anamshukuru. Hakupaza sauti hata mara moja. Shujaa alipomjia na mkuki alimvutia kigoda akamwambia, "Kaa kwanza, umetoka mbali," na shujaa akakaa, nasi wote tukaona ni haki akae. Mtu huyu nimelala naye chumba kimoja pale Shanwe, nimekula naye sahani moja, lakini nilisahau kabisa kwamba ni Leodgar, na nywele zilinisimama alipotugeukia akatabasamu, kwa sababu hakutabasamu kwa ubaya, alitabasamu kwa upendo. Sijawahi kuona mtu akiigiza namna ile na sidhani nitaona tena.

Jumamosi iliyofuata wakwe nao wakaja. Bwana Kimondo alisogea mbele akatuuliza sisi watazamaji, polepole, "Nani kati yenu amechoka kupalilia?" na Mzee Gaspar, mtu mzima anayeheshimika kanisani, akanyoosha mkono. Ukumbi mzima ulicheka. Kesho yake jembe letu likarudishwa, na nilipovunja desturi nikaenda mwenyewe kuuliza, mzee alinijibu akiwa amesimama, hata kiti sikupewa, "Nyie vijana mnaniona mjinga. Ulimi ule ndio ulioniomba mtoto. Kama umenifanya mimi Gaspar nitake kwenda Zuhura, Paskalia atapona? Tafuta mshenga mwingine, na huyo asikanyage uwanja wangu."

Nilipomweleza Leodgar akasema, "Ndugu yangu, kama ni mchezo niambie tu, nitaacha. Mke hapatikani ukumbini." Lakini kipande cha mwisho bado hakijachezwa na watu mpaka wa stesheni wanakisubiri, na wengine wananishauri nimwombe acheze vibaya makusudi, Bwana Kimondo afe kijinga ili mzee aone kwamba ni upuuzi mtupu, nami moyo unaniuma hata kulitamka, maana ni kumwambia seremala akivunje kiti alichokwisha kukichonga. Kumtoa kwenye ushenga nako siwezi, hajanikosea chochote, yote niliyomtuma aliyasema vizuri kabisa, hata mzee alipomwuliza kama binti yake ataishi karibu alimjibu kwamba panapomfaa mume ndipo patakapomfaa mke, jibu ambalo mzee alilipenda sana, na lile la kwenda kwenye migodi ya shaba Rodesia baada ya harusi tulikubaliana mimi naye tusilitaje kwanza, hata kwa Paskalia, kwa kuwa kunyamaza si uongo na mtu huzoea akishafika, na mimi nataka ndoa ifungwe kabla ya Kwaresima. Je, nibadilishe mshenga, au nimwombe rafiki yangu aache kuigiza? Nijibu upesi mama yangu, usingizi umenikimbia.

Makarius, Mpanda

*

Makarius mwanangu, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya kwanza niliisoma kwa raha. Mpwa wangu ni gadi wa treni ya Mpanda, alikuwa ameshanisimulia habari za Bwana Kimondo mpaka chai ikapoa, nikadhani anatia chumvi. Sasa naona alipunguza. Kwa pembe na kunguruma hata ng'ombe wa jirani yangu angefaa kuwa mwovu wa mchezo. Lakini mwovu anayekaa chini akamenya karanga na bibi wa watu, huyo anataka mtu mwenye kipaji, tena aliyewatazama wanadamu kwa makini miaka mingi. Kwa hiyo swali lako la mwisho nalijibu kwanza: Leodgar asiache, na asicheze vibaya. Ukimwomba hivyo tutakosana mimi na wewe.

Mzee Gaspar naye usimwone mshamba. Tangu zamani tunaambiwa maneno matamu humtoa nyoka pangoni, ila ni wachache wanaopata siku ya kujiona wao wenyewe wakitoka. Yeye ameipata, mbele ya watu, na aibu ile imemfanya arudi nyumbani ayapitie upya maneno yote aliyoambiwa na mdomo ule. Ameyapitia ya posa, akahisi kuna mahali hapakai sawa. Hajui ni wapi. Mimi najua.

Niliposoma mara ya pili nilisimama pale Rodesia. Umepapita mbio, ukadhani nami nitapita mbio. Unataka kumchukua binti wa watu umpeleke mbali. Baba yake aliuliza waziwazi, akapewa jibu tamu lisilo na kitu ndani. Binti mwenyewe hajui. Halafu unaniambia mtu huzoea akishafika, na hata huoni haya kuliandika. Makarius, mkwe wako hakukosea kuogopa, alikosea mtu wa kumwogopa tu. Leodgar akivua ile kanzu ya kung'aa anabaki dresa, anawahudumia wagonjwa. Wewe hukuvaa kanzu yoyote na kazi ya Bwana Kimondo unaifanya. Tena mwenzako angalau alisimama mbele ya watu akauliza nani amechoka kupalilia. Wewe Paskalia umemwuliza lini?

Na wewe Leodgar, maana najua utasomewa hii: nakusifu kwa mchezo, na kwa ushenga nakugombeza. Mshenga hubeba maneno ya pande mbili. Ulipoulizwa na mzee ulitakiwa kujibu, ukaigiza. Ukumbini tukidanganywa tunapiga makofi kwa sababu tulikwenda wenyewe kudanganywa. Mzee wa watu alikuwa nyumbani kwake.

Sasa sikiliza, Makarius. Mshenga usimbadilishe. Mpya utamtuma uongo ule ule, naye atausema vibaya. Mtafute Paskalia, umweleze habari za Rodesia kwa mdomo wako mwenyewe. Desturi inakunyamazisha mbele ya wakwe, mbele ya mke haijakunyamazisha. Ukishamaliza kwake, mchukue Leodgar mwende Ilembo. Asimame nje ya uwanja, kwa kuwa amekatazwa kuukanyaga, apige hodi, na kwa sauti ile ile aliyopewa na Mungu amwambie: "Mzee, kijana wangu anataka kwenda mbali na binti yako, na siku ile tulikuficha." Asiongeze pambo. Mzee atafoka, mwacheni afoke, ni haki yake. Akimaliza ataanza kuuliza maswali, na nyie mtajibu kila moja, hata lile linalowachoma. Posa ya kweli itaanzia hapo. Kwaresima isikutie kiwewe. Ikipita kuna Pasaka, na mapadri watakuwepo.

Inawezekana Paskalia akasema Rodesia haendi. Hapo itakubidi uchague kati yake na shaba, wala sitakuchagulia. Ila jibu lako, liwe lolote, mpelekee kwa miguu yako, umtazame usoni ukimwambia, na safari hiyo usimtume mtu.

Bi Mwanne