Maumivu Tisa ya Kaka Hamisi

Jumatatu, 3 Juni
Alizeti magunia kumi na manne kabla ya saa nne. Mashudu yananuka mpaka kwenye kilemba. Kaka Hamisi kaja tena na kifua chake. Kakalia kiti changu, mkono kifuani, anaguna. Mara tatu kabla ya chakula, nimehesabu. Nimemchinjia kuku. Firigisi kapewa yeye, mgonjwa. Anatafuna mdomo wazi. Kinyaa. Mashine hii ya kukamua nimeipata mwenyewe, mjane, bila mkono wa mtu. Nimemwamkia shikamoo hivyo hivyo.

Jumanne, 4 Juni
Nimempeleka hospitali mjini. Ngazi ishirini na mbili. Kaka mbele analalamika, mimi nyuma na mfuko wake. Juu nikashika ukuta, jasho chapachapa. Daktari, kijana mwenye kucha safi, akamwacha kaka akanitazama mimi. Akauliza nina kisukari muda gani. Miaka kumi na miwili. Kifua kinauma? Hakijawahi. Akasema hicho ndicho kinachomtia wasiwasi: kisukari huua hisia, moyo unakosa damu na mwenyewe husikii. Maneno ya kutafuta mteja wa pili. Nimekubali ili nimwonyeshe. Tumefungwa wote wawili mashine za kurekodi moyo, saa arobaini na nane. Tuandike kila kifua kikiuma, na tunachofanya.

Jumatano, 5 Juni
Gundi inawasha, inanuka kama dawa ya panya. Naoga nusu.
Saa 4:20 asubuhi, nabeba gunia. Kifuani hakuna kitu.
Saa 8:00 mchana, ndoo kutoka bombani. Hakuna kitu.
Saa 11:10 jioni, kaka kaagiza chai ya tangawizi mara ya nne. Nikamwambia hata kuku wangu wanajitafutia. Kifuani hakuna kitu. Kichwa ndicho kilichochemka.
Daftari la kaka lina maumivu tisa. Anatembea nalo kama cheti.

Ijumaa, 7 Juni
Majibu. Kaka: maumivu tisa, na mara zote tisa moyo wake safi. Ni tumbo, linapandisha asidi. Tangawizi yake hiyo.
Mimi: maumivu sifuri. Damu ilipungua kwenye moyo mara nne. Saa 4:20. Saa 8:00. Saa 11:10, kwa sababu ya chai ya mtu. Ya nne nilikuwa nimekaa tu napepeta mchele.
Nilijua wamechanganya karatasi. Nikasoma jina. Langu. Nikahesabu upya. Nne.
Dawa kila siku. Magunia marufuku. Rufaa Dodoma kwa kipimo kikubwa zaidi, haraka.
"Mama, usingoje mpaka kifua kiume," kasema daktari. "Hakitauma."
Nimechukia. Mwili huu nimeuamini miaka hamsini na tatu, kumbe unaharibika kimya kimya. Ningekufa na gunia mgongoni nikijisifu. Garini kaka hakuguna hata mara moja.

Jumapili, 9 Juni
Kaka kahamisha magunia sita peke yake. Anahema kama ng'ombe, mzima kabisa. Nimekaa kwenye kiti changu. Kimebonyea kwa umbo lake. Keshokutwa Dodoma, yeye ndiye atakayenisindikiza.
Mchana kuku. Firigisi kaiweka kwenye sahani yangu, kwa vidole vyake vile vyenye mafuta.
"Kula, mdogo wangu."
Nilivitazama vidole. Nikala. Ngumu kama mpira.
Saa 7:35 mchana. Kifuani hakuna kitu. Nimeandika.